Tairi za Theluji na Figo za Baba Furaha

Jumatatu, 28 Oktoba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko nje nakwangua kioo cha gari. Barafu ya kwanza. Nyembamba kama utando juu ya uji uliopoa, lakini wipa haiiondoi. Nilitumia kadi ya zamani ya basi. Vidole vikafa ganzi. Baba Furaha alikuwa ndani na blanketi magotini, anatazama mbele kama abiria aliyekwisha kulipa nauli.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kutoka hapa New Hope mpaka kliniki ng'ambo ya mto, Saint Paul. Wanamfunga kwenye mashine kwa masaa manne, inamsafisha damu kwa sababu figo zake haziwezi tena. Halafu namrudisha. Kliniki ya karibu haina nafasi, tuko kwenye orodha tangu Machi. Lile gari la kubeba wagonjwa lilimsahau nje mara mbili, akasema hapandi tena. Macho yake sukari imeyala, hawezi kuendesha. Kwa hiyo dereva ni mimi mkewe. Leseni nimepata Mei, nikiwa na miaka arobaini na tisa.

Sijawahi kuendesha kwenye theluji. Hata siku moja. Naandika hapa tu, sijamwambia mtu.

Na leo, wakati yuko kwenye mashine, nilipeleka gari kubadilishiwa oili. Fundi akaingiza sarafu kwenye mistari ya tairi. Haikuzama, mistari imekwisha. Zote nne hivyo hivyo. Akasema Desemba hazivuki.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimekwenda kwenye duka la tairi karibu na kliniki. Mwenyewe anaitwa Mzee Abdi, Msomali aliyekaa Eastleigh miaka mingi, Kiswahili chake ni cha Nairobi. Nilifurahi mno kusikia Kiswahili hata nikasahau nilichofuata.

Kuna za misimu yote, unazifunga, unasahau. Kuna za theluji, unazifunga sasa na kuzitoa Aprili, kwa sababu lami ya joto inazimaliza. Maana yake seti mbili, na mahali pa kuweka ile nyingine. Sisi tuna ghorofa na kabati moja.

Alinishika kidole gumba akakikandamiza kwenye mpira wa tairi ya misimu yote, halafu kwenye ya theluji.

"Hii ya kwanza, mama, baridi ikishuka inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Hii nyingine inabaki laini. Inashika."

Nikamuuliza kama za misimu yote zitanifikisha.

"Siku nyingi, ndiyo."

"Na hizo siku nyingine?"

Aliuliza ninambeba nani. Nikasema ninambeba mgonjwa. Akatoa mkono wake kwenye tairi ya misimu yote akauweka kwenye ile nyingine, basi.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimemwambia Baba Furaha tukiwa njiani kurudi. Kosa. Baada ya mashine anakuwa amechoka na maneno yake yanakuwa mafupi.

Alikuwa shofa wa lori miaka ishirini, Bukavu hadi Uvira, mlima wa Ngomo, mvua, matope mpaka kwenye ekseli. Hakuna aliyempa tairi za matope. Tairi ni tairi. Anayeshika barabara ni shofa.

"Misimu yote, Mama Furaha. Jina lenyewe linasema. Theluji si msimu?"

Sikubishana. Nilitaka kumwambia kwamba shofa mwenyewe ni mimi, na kwamba sijawahi kupita Ngomo hata mara moja nikiwa nimeshika usukani. Nilikuwa naangalia daraja. Daraja naliogopa hata likiwa kavu.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya ibada nilimuuliza Nelly. Nesi, Mkenya, anaishi Lakeville, ana-drive kila siku. Akanishika mkono palepale kwenye chai.

"Mama Furaha, mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na all-season. Nikazunguka highway mara mbili kama pia. Nilisimama nikiangalia lori linakuja. Tangu siku hiyo, mimi bila za winter siendeshi. Hapana kabisa."

Mzee wa kanisa aliyekuwa anamimina maziwa akasema yeye ana miaka kumi na za misimu yote, hajawahi kupata hata mkwaruzo. Ni kwenda polepole tu.

Wote wawili wamenitia hofu. Lile lori, nalifikiria hata sasa.

Jumanne, 5 Novemba

Nimenunua. Za misimu yote.

Naandika sababu kama zilivyo. Baba Furaha alisema. Nilitaka amani nyumbani. Na nilifikiri nikinunua za theluji nitakuwa nimekiri kwamba theluji itakuja.

Mzee Abdi hakubishana nami. Alizifunga mwenyewe. "Acha nafasi kubwa mbele, mama. Halafu iongeze." Nilimshukuru nikaondoka haraka, sikutaka kumtazama usoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Kavu. Jua. Tumefika, tumerudi. Labda nilikuwa najitisha bure.

Jumatano, 20 Novemba

Theluji ya kwanza. Kidogo, kama unga uliomwagika. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Magari yanapiga honi nyuma. Tumefika. Mikono ilikuwa inatetemeka nilipomfungulia mlango, nikaificha mifukoni.

Ijumaa, 22 Novemba

Sijui niandikeje.

Tulikuwa tunashuka kutoka barabara kuu, ule mteremko unaoishia kwenye taa. Taa ikawa nyekundu. Nikakanyaga breki mapema, najua nilikanyaga mapema. Pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu, krr krr krr, kama kitu kinatafuna. Gari halikusimama. Lilikwenda tu, taratibu, bila kelele, kama vile hakuna mtu ndani. Tukavuka mstari. Tukaingia katikati ya njia panda. Basi la jiji lilikuwa linatoka kulia. Niliona uso wa dereva wake. Mwanamke, ana miwani.

Basi lilisimama. Sisi tukasimama. Kati ya pua ya basi na mlango wa Baba Furaha ungeweza kupitisha mtoto, mtu mzima asingepita.

Yule dereva hakupiga hata honi. Aliniashiria nipite. Nikapita.

Nilimfikisha Baba Furaha kliniki. Nilipomshusha akasema, "Umefanya vizuri." Hajawahi kunisifia uendeshaji tangu nijifunze. Hilo limenitisha kuliko basi.

Jumapili, 24 Novemba

Sikulala jana wala juzi. Nikifumba macho mguu unasikia ile krr krr. Kazini jana (napika jikoni kwenye nyumba ya wazee) nilimwaga supu nzima. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Kesho wanasema theluji tena.

Jumatatu, 25 Novemba

Nilipoamka Baba Furaha alikuwa amekwisha vaa, amekaa sebuleni. Alisema leo tupumzike. Anajisikia vizuri. Amekwisha piga simu kliniki, amewaambia hatakuja. Kukosa siku moja hakuui mtu.

Nilichungulia dirishani. Nyeupe kote.

Mungu anisamehe. Nilifurahi. Nilirudi kitandani nikajifunika shuka kichwani, nikalala masaa matatu kama mtoto.

Jumanne, 26 Novemba

Miguu yake imevimba. Soksi zimechora mstari kama kamba. Anasema ni chumvi ya maharage. Maharage nilipika mimi, chumvi sikutia.

Furaha aliporudi shule alimtazama baba yake akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini jana hakwenda. Nikamwambia barabara ilikuwa mbaya. Akasema basi la shule lilipita vizuri tu. Ana miaka kumi na sita, haachi kitu kipite. Nilimjibu kwa ukali. Alikuwa na haki.

Kesho lazima twende.

Alhamisi, 28 Novemba. Hospitali.

Jana sikuweza kuandika.

Asubuhi Baba Furaha alikataa. Theluji ilikuwa inaanguka bado. Nilisimama na funguo mkononi, koti nimevaa, nikamsihi. Akasema Ijumaa. Akageukia ukutani. Ningeweza kumlazimisha? Sijui. Najua kwamba nilisihi kwa mdomo tu, tumbo langu lilikuwa linamwombea akatae.

Saa tatu nilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, muuguzi mkuu wa kliniki akanipigia. Mwanamke mpole, anaongea polepole ili nielewe. Akaniuliza kama nafahamu mume wangu alimwuliza nini Ijumaa. Sifahamu. Alimwuliza kama mtu anaweza kuacha mashine wakati wa baridi akarudi majira ya joto. Muuguzi alimwambia hapana, mtu hawezi. Baba Furaha akamwuliza basi mtu akiacha kabisa, inachukua muda gani. Na inauma?

Nikamwuliza kwa nini aulize hivyo. Akasema, "Aliniambia mke wake anaogopa barabara."

Niliacha nguo kwenye mashine inazunguka. Nilipanda ngazi, lifti sikuingoja. Baba Furaha alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, anavuta pumzi kama mtu anayekunywa kwa mrija ulioziba. Midomo ya rangi ya jivu. Nikapiga 911. Anwani yangu mwenyewe ilinipotea, nilisoma kwenye bahasha ya bili ya umeme.

Gari la wagonjwa lilifika kwa dakika chache. Kwenye theluji ile ile. Walimbeba kwenye kiti, wanaongea habari za mpira.

Walimsafisha damu hapa hospitali jana mchana na tena leo. Maji mapafuni. Daktari alisema siku moja zaidi nyumbani, moyo ungesimama. Alisema hivyo mbele yake, bila kuzunguka.

Leo ni sikukuu yao ya bata mzinga, wodi iko kimya. Furaha alikuwa amelala kwenye kiti. Nikamwuliza Baba Furaha kwa nini.

Akasema aliiona mikono yangu. Sio siku ya basi tu. Kila siku. Anaona vibaya, lakini mikono yangu kwenye usukani anaiona.

"Nimekuvusha vita na kambi," akasema. "Sikukuleta huku uje ufe kwenye taa kwa sababu ya figo zangu."

Nikamwuliza, basi kwa nini alikataa zile za theluji. Hapo ndipo alipogeuza uso.

"Abdi alikuambia zinadumu miaka mingapi?"

"Minne. Mitano."

"Haya. Mimi unanipa mingapi?"

Nilikasirika. Naandika ukweli, sikulia, nilikasirika mpaka masikio yakavuma. Nikamwambia tairi si zake. Ni zangu mimi ninayeendesha. Na hata angekuwa na wiki moja, katika hiyo wiki moja ana safari tatu, na safari tatu zinataka tairi. Sauti ilipanda. Furaha akaamka. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni tairi tu, Baba, ni tairi tu, halafu akatoka kwenda chooni na tulimsikia analia kule.

Baba Furaha alitazama mlango muda mrefu.

"Nunua," akasema.

Nikamwambia sikuwa naomba ruhusa.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimenunua. Mzee Abdi alinitafutia rimu kuukuu ili kubadilisha kuwe rahisi. Alizifunga zile za theluji, zile za misimu yote akazipanga nyuma ya gari, zinanuka mpira mpya, zimetumika siku ishirini na tano. Nikamweleza yote yaliyotokea. Alisikiliza huku anakaza nati. Mwisho akasema, "Mama, hizi zitakusaidia kusimama. Hazitakuzuia kuogopa. Usije ukanirudishia ukasema ni mbovu."

Nilicheka. Mara ya kwanza wiki nzima.

Meneja wa ghorofa amekataza tairi barazani. Nelly amesema nimpelekee, ana gereji.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeendesha peke yangu mpaka Lakeville. Mbali kuliko nilipowahi kufika. Barabara kuu ilikuwa imekwanguliwa, lakini kandokando theluji imelala mpaka kwenye vizuizi. Redio nilizima. Niliomba kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, sala ile ile, mpaka maneno yakapoteza maana.

Tuliweka tairi kwenye gereji. Nelly hakuniruhusu kurudi hivyo hivyo. Alipanda gari langu akanielekeza kwenye uwanja wa kuegesha wa shule, mtupu, haujakwanguliwa.

"Endesha. Sasa kanyaga breki kwa nguvu."

"Tutateleza."

"Ndiyo maana tuko hapa."

Nikakanyaga. Krr krr krr. Nikapiga kelele, nikatoa mguu. Akasema hapana, usitoe, hiyo sauti ni gari linakusaidia, linashika na kuachia lenyewe. Kumbe. Siku ile kwenye taa nilidhani linavunjika.

Tulirudia mara kumi, kumi na tano. Gari bado linateleza. Hilo nataka nilikumbuke. Linateleza kidogo halafu linashika, unasikia linashika, kama mtu anayekushika mkono kwenye kivuko. Kwa zile nyingine lisingeshika, au lingeshika tumekwisha pita. Nilikuwa natoka jasho ndani ya koti. Nelly alikuwa anakula karanga.

Hofu haikuondoka. Ila sasa najua inafanana na nini.

Ijumaa, 6 Desemba

Wiki ya kwanza amerudi kliniki. Safari tatu. Amepungua, suruali inashikiliwa na mkanda. Muuguzi mkuu alinikumbatia.

Nimemwambia Baba Furaha kwamba akitaka kuacha mashine siku moja kwa sababu amechoka yeye, tutakaa chini tuongee, mimi, yeye na Furaha. Lakini asiache kwa ajili yangu. Alitikisa kichwa kukubali. Hilo nalo naliogopa. Halina tairi zake.

Jumatano, 11 Desemba

Dhoruba. Walitangaza tangu jana. Shule zimefungwa. Kliniki ilituma ujumbe: tuko wazi, njoo kama unaweza, ondoka mapema.

Saa kumi alfajiri tulikuwa sote sebuleni, taa zimewashwa. Upepo unapiga dirisha. Baba Furaha amevaa koti lakini hajafunga zipu.

"Mama Furaha. Kama unaogopa, tusiende."

Nilikuwa naogopa. Nilitaka kumdanganya. Nikaona hata nikidanganya, mikono ataiona.

"Naogopa," nikasema. "Funga zipu twende."

Furaha akasema anakuja pia. Tulimkatalia wote wawili. Akavaa viatu. Akaja.

Saa moja na dakika arobaini njiani. Wipa zinabeba theluji kwenda na kurudi. Sioni mistari, nafuata alama za gari la mbele, na lilipotoka kwenye barabara kuu sikuwa na wa kumfuata. Magari mawili mtaroni, moja limelala ubavu, taa bado zinawaka. Darajani upepo ulisukuma gari pembeni, nilisikia kwenye mifupa, nikashika usukani vile vile, sikukanyaga kitu. Likatulia.

Kisha mteremko, taa. Nyekundu. Kanyaga. Krr. Nikaacha mguu pale pale. Gari likateleza kidogo, likashika, likasimama nyuma ya mstari. Nikatazama kwenye kioo. Pikapu nyuma yetu haikusimama. Ilitupita kushoto, inaelea, dereva amegeuza usukani wote, inavuka njia panda nzima na kupanda juu ya ukingo wa theluji upande wa pili. Akatoka mzima, akasimama akashika kichwa.

Baba Furaha akamwombea yule mtu, kwa Kibembe, kimya kimya. Kisha akasema, "Imekuwa kijani."

Nilipomfikisha kliniki kulikuwa na wagonjwa watatu tu, na viti kumi na viwili vitupu. Nilikwenda chooni nikatapika. Kisha nikaosha uso nikanunua kahawa. Furaha alikuwa ameshika mkono wa baba yake, ule usio na sindano.

Ijumaa, 17 Januari

Baridi kali lakini hakuna upepo. Theluji kidogo tangu alfajiri, inashuka wima.

Baba Furaha alilala njiani. Alilala kabla ya daraja, mdomo wazi, anakoroma, kofia imeshuka kwenye nyusi. Nilikwenda mwendo wangu. Gari la nyuma lilichoka likanipita, nikaliacha lipite.

Niliegesha mbele ya kliniki nikazima injini. Tulikuwa tumewahi dakika kumi. Sikumwamsha.